Kipengele cha Tisa: Kuondoa Benchi

Kijiji chetu cha Cobthorne kina duka moja, kanisa moja, baa moja na benchi moja la maana. Mabenchi mengine yapo, moja uwanjani na jingine makaburini, lakini hayo ni ya kupumzikia tu. Benchi la mbele ya duka ndilo la kazi. Kuanzia saa tatu asubuhi utatukuta hapo wanne, isipokuwa mvua iwe ya kutoboa mwavuli. Kona ya kushoto anakaa Desmond Pruett, tunayemwita Meja, ingawa hajavaa gwanda hata siku moja maishani mwake. Aliendesha lori la mikate miaka thelathini, lakini akikuita kutoka ng'ambo ya barabara unajikuta umesimama wima. Anayemfuata ni Maureen Tolley, aliyekuwa mpishi wa shule. Huyo ni Redio, kwa sababu habari zote za kijiji zinasomwa naye kwanza, na ndiye mwenye chupa ya kahawa na mkebe wa biskuti, kwa hiyo hapingwi sana. Kisha Ken Babbage, yaani Karoti, mwenye kipande cha bustani ya baraza nyuma ya ukumbi. Kila anachosema kinaanzia ardhini. Wa mwisho ni mimi. Nilisambaza barua hapa miaka ishirini na sita, wananiita Posta, na watu wanaamini nilizisoma zote.

Jumanne hiyo Redio alichelewa dakika tano. Tangu afanyiwe operesheni ya nyonga hajawahi kuchelewa hata moja. Tulimwona akitokea upande wa ubao wa matangazo, anakuja mbio, kofia imekaa upande, mkononi ameshika bahasha aliyoandika kitu kwa nyuma.

— Kaeni chini, — akatuambia.

— Tumekaa, — Karoti akasema.

— Basi shikilieni. Ajenda ya baraza la kijiji imebandikwa. Kikao Alhamisi saa kumi na mbili jioni, ukumbini. Sikilizeni. Kipengele cha kwanza, udhuru. Cha pili, kumbukumbu za kikao kilichopita. Cha tatu, ile taa ya barabarani inayowaka mchana na kuzimika giza likiingia. Cha nne, ua wa Lambert umeota mpaka unawapiga watu kofi njiani. Cha tano, mapipa ya kinyesi cha mbwa.

— Tena? — Karoti akaguna. — Kijiji kina mapipa sita na mbwa wanne. Wanataka tuzae mbwa?

— Niache nimalize! Cha sita, fuko anayefukua uwanja wa kriketi. Cha saba, barua ya mwananchi kuhusu kengele ya kanisa. Cha nane, barua nyingine ya mwananchi huyohuyo, akilalamikia jibu alilopewa kwa barua yake ya kwanza.

Wote tukamgeukia Meja.

— Ni haki yangu, — Meja akasema, akipangusa makombo ya biskuti kifuani. — Kengele inapiga robo saa mapema. Endelea.

Redio akameza mate. Sauti yake ikashuka, na kwa Redio hilo si jambo la kila siku.

— Cha tisa. "Kuondoa benchi la mbele ya duka."

Kahawa ilimpalia Meja. Nilimpiga mgongoni, Karoti akampiga mgongoni, na kwa vile tulikuwa tunampiga kwa zamu kama wahunzi, Redio akalazimika kutuambia basi, mtamuua kabla ya kikao.

— Benchi lipi? — Meja akauliza alipopata pumzi.

— Hilo ulilolikalia, mwenzangu.

— Hili?

— Kuna jingine mbele ya duka?

Meja akalitazama benchi kama mtu anayeambiwa kwamba mguu wake mwenyewe utahamishwa wiki ijayo.

— Ni fuko, — Karoti akasema.

— Nani fuko?

— Huyo wa kipengele cha sita. Hebu tumieni akili. Fuko yuko uwanja wa kriketi, sawa? Uwanja uko pale, sisi tuko hapa, hatua themanini. Fuko mzima anachimba mita nne kwa saa. Mimi nimepambana nao miaka arobaini, nawajua kuliko ndugu zangu. Huyo ameshafika chini yetu zamani. Kijiji chote hiki chini ni matundu matupu kama jibini. Baraza linajua, halitaki kututia hofu, kwa hiyo linaondoa benchi kimyakimya kabla halijazama.

— Fuko mmoja azamishe benchi? — nikamuuliza.

— Nani kasema mmoja? Waliandika mmoja ili tusikimbie.

Redio akacheka mpaka kifuniko cha chupa kikamtoka mkononi.

— Karoti, acha fiksi. Hili suala halina fuko, lina mwanamume.

— Mwanamume gani?

— Wa mama mwenyekiti wetu, Gwendoline Farr. Mwezi uliopita kanunua koti jekundu. Umewahi kumwona Gwendoline na koti jekundu? Kila Jumatano anapanda basi la saa nne kwenda Stagbury. Anasema anakwenda kwa daktari wa meno. Jamani, mtu ana meno mangapi? Na kituo cha basi kiko wapi? Hapo mbele yetu! Kila akipanda tunamwona, akishuka tunamwona, nywele zikiwa zimetimka tunaziona. Kwa hiyo wanachoondoa si benchi. Wanaondoa macho.

Stagbury ndiyo jirani yetu, maili mbili kwa barabara ya juu. Kila mwaka majaji wanapita kuchagua kijiji nadhifu cha wilaya, na kila mwaka Stagbury wanashinda kwa maua ya kwenye ndoo. Usilitaje jina hilo mbele ya Meja bila kumwandaa kwanza. Alishasimama.

— Stagbury! Nilijua! Wana bwawa, wana bata, wana ndoo za maua, wana kila kitu, na kitu kimoja hawana. Semeni wenyewe ni kitu gani.

— Adabu, — Redio akasema.

— Benchi mbele ya duka! Duka lao lina ukuta tu. Watu wao wanaongea wamesimama kama farasi. Sasa mwenyekiti wetu kapata mchumba kule, si ndiyo? Nani?

— Nasikia ni refa wa kriketi, — Redio akasema. Nina uhakika hakuwa amesikia chochote mpaka dakika ile.

— Refa! Bila shaka! Anaolewa, anahamia huko, na hawezi kwenda mikono mitupu. Benchi letu ni zawadi ya harusi!

— Lakini watalipitishaje? — nikauliza. — Barabara ya juu kila mtu angeliona.

Wote watatu wakakunja nyuso wakifikiri kwa nguvu. Kisha Karoti akainua kidole polepole, uso umemng'aa.

— Handaki, — akasema.

— Ala!

— La fuko. Nilisema mimi, mkanicheka. Kuna fuko gani wa kuchimba kwenye udongo mgumu ule wa uwanjani mwezi wa tisa? Yule si fuko, ni Stagbury. Wamechimba maili mbili kuja kuchukua benchi.

Tulicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa anatoka dukani na maziwa akarudi ndani kumwuliza mwenye duka kama tuko salama. Redio alijifuta machozi kwa bahasha ya ajenda. Mimi mbavu zilikuwa zinaniuma. Meja peke yake ndiye aliyeacha kucheka kabla yetu. Alikaa tena kwenye kona yake, akaweka kiganja juu ya ubao.

— Haya ni mzaha, — akasema, — lakini mimi sasa saa tatu asubuhi nitakuwa nakwenda wapi?

Doreen, mkewe, alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa pili, na tangu siku ile nyumba yao ya mwisho wa barabara haiwashwi redio hata ya taarifa ya habari. Alikuja hapa kesho yake baada ya mazishi, saa tatu kamili, akakaa, akaomba kahawa. Hatukumwuliza kitu. Redio alimmiminia.

— Hutakwenda popote, — Redio akamwambia, akimjazia kikombe. — Kunywa. Tutapigana nao.

Tukiwa katika hali hiyo ya vita, akatokea msichana. Nasema msichana kwa hesabu ya benchi letu. Alikuwa na miaka thelathini hivi, amevaa koti la mvua la kijani, begi la mgongoni, viatu vyenye tope. Tulidhani ni mmoja wa wale watembea kwa miguu wanaopotea wakitafuta njia ya mtoni.

— Samahani, naomba kukaa nile chakula changu. Kuna nafasi?

— Kaa, mpenzi, kaa, — Redio akasema. — Karoti, jisogeze, wewe si gunia. Kaa ulifaidi, Ijumaa hutalikuta.

Msichana akabanwa kati yangu na Karoti. Akafungua karatasi, akatoa pai ya nyama na kisu kidogo, akaikata vipande vitano bila kutuuliza. Meja alichukua kipande chake, akakitafuna, akaridhika naye kabisa.

— Umetoka wapi, binti?

— Nimehamia Stagbury, tangu mwezi wa nne.

Pai ilisimama kooni mwa Meja. Alitaka kuitema kwa ajili ya kijiji, lakini ilikuwa pai nzuri. Akaimeza.

— Stagbury, — akasema taratibu. — Umekuja kwa barabara au kwa chini?

— Kwa chini?

— Anajifanya hajui, — Karoti akaninong'oneza, kwa sauti iliyosikika mpaka kanisani. — Huyu kaja kupima.

— Kama ni jasusi basi tumempata mateka, — Redio akasema. — Tena mateka aliyeleta chakula. Mpenzi, una kalamu?

Msichana alikuwa na kalamu, na daftari pia. Redio akamweleza yote, handaki, koti jekundu na zawadi ya harusi, kisha akaeleza mpango. Kila kikao cha baraza kinaanza na robo saa ya wananchi, na kila mwananchi anapewa dakika tatu aseme lake. Miaka yote viti vile vya wananchi huwa vitupu, isipokuwa Meja na kengele yake. Alhamisi hii tungekwenda wote. Lakini lazima tujifunze kusema ndani ya dakika tatu, na Meja hata kusalimia humchukua nne.

— Wewe utakuwa karani wa baraza, — Redio akamwambia mgeni. — Huna la kusema. Kunja uso tu na uandike.

— Nikunje vipi?

— Kama mtu aliyelamba ndimu. Yule wa zamani, mzee Osgood, alikuwa mtu wa watu, lakini amestaafu. Huyu mpya hatujamwona, ila habari zake ninazo. Ni mrefu kama nguzo ya umeme. Alikuwa mwanasheria huko mjini, akafukuzwa kwa ukali. Hapendi wazee. Siku ya kwanza tu alihesabu bembea za watoto.

— Zilikuwa ngapi? — msichana akauliza.

— Mbili.

— Hapo zamani zilikuwa ngapi?

— Mbili. Lakini kwa nini azihesabu?

Msichana akaandika. Meja akasimama mbele ya benchi, kikombe mkononi, akavuta pumzi.

— Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, na wewe karani, mwanamke katili. Nasimama hapa mbele yenu kama mtu ambaye amelisha kijiji hiki mikate kwa miaka thelathini. Nani kati yenu hajala mkate wangu? Wewe, Gwendoline, ulikuwa unapenda ule wa mbegu. Nilikuwekea wa mbegu hata siku ya theluji ya mwaka themanini na moja, lori limekwama, nikaja nao kwa miguu...

— Dakika mbili, — msichana akasema.

— Bado niko kwenye theluji!

— Fika kwenye benchi, — nikamshauri.

— Benchi ni haki! — Meja akanguruma, na mbwa wa kwenye nyumba ya daktari akaitikia. — Leo mnachukua benchi, kesho mtachukua kibanda cha basi, keshokutwa kile kibanda cha simu chenye mashine ya kuamsha moyo. Halafu sisi moyo ukisimama tufanyeje, tuandike barua?

Tukapiga makofi. Msichana naye akapiga, akasahau kukunja uso. Redio akamkaripia.

— Muda umekwisha, — msichana akasema. — Na mwananchi hajasema anaomba nini.

Meja akakodoa macho.

— Naomba lisiondolewe.

— Basi hilo lingetosha sekunde tano.

— Huyu msichana yuko vizuri, — Karoti akasema. — Ni jasusi, lakini yuko vizuri.

Maneno, hata hivyo, hayakumtosha Meja. Alisema mabaraza hayasikii maneno, yanasikia vitendo. Akamtuma Karoti bustanini. Karoti akarudi na kamba ile ya kijani ya kufungia maharage, bunda zima, na kabla hatujakubaliana lolote Meja alikuwa amekaa kwenye kona yake, mgongo umenyooka, anazungushiwa kamba kifuani, kiunoni na magotini.

— Waje sasa, — akasema. — Wakitaka benchi watanibeba nalo.

— Leo Jumanne, — nikamkumbusha. — Kikao ni Alhamisi.

— Nafanya majaribio.

— Kamba hii, — Karoti akajisifu, akikaza fundo la nane, — ilishikilia maharage kwenye dhoruba iliyong'oa paa la shule. Maharage hayakutikisika.

Dhahiri Meja alipendeza pale. Alifungwa mpaka kidevuni, amevaa tai yake ya kila siku, anatazama mbele kama sanamu ya shujaa. Redio alimnywesha kahawa kwa mkono wake, kikombe cha tatu, halafu cha nne, kwa sababu mfungwa lazima ahudumiwe. Manyunyu yakaanza. Hakuna aliyeondoka. Basi la saa nne na nusu lilipita, dereva akapunguza mwendo, abiria wote wakahamia dirisha la upande wetu, na Meja akawapa saluti kwa kidole kimoja, kwa vile ndicho pekee kilichokuwa huru.

Kama dakika kumi baadaye akaniita kwa sauti ya chini.

— Posta.

— Naam.

— Nadhani majaribio yamefaulu. Nifungueni.

— Mbona mapema? Kaa kidogo, basi jingine linakuja.

— Posta. Kahawa.

Nikaelewa. Tukamvamia wote watatu. Lakini kamba ya maharage ikilowa inakaza, na yale mafundo yalikuwa yamegeuka kokoto. Karoti alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno, akasimama akijikuna kichwa.

— Unajua, — akasema, — mafundo haya sijawahi kuyafungua. Maharage hayaombi kwenda chooni.

— Ken! — Meja akapiga ukelele. — Ken, kwa jina la Mungu!

Redio alikuwa amekaa chini ukingoni mwa barabara, kicheko kimemkata miguu. Mimi nilikuwa navuta kamba isiyo sahihi na kumkaza zaidi. Aliyetuokoa ni mateka wetu. Alifuta kisu chake cha pai kwenye koti, akapiga goti, akakata kamba moja baada ya nyingine kwa utulivu, huku anamwambia Meja avute pumzi polepole na asifikirie maji ya mto. Ya mwisho ilipokatika Meja aliondoka kama risasi kuelekea dukani, vipande vya kamba vinapepea nyuma yake.

Aliporudi alikuwa mtu mpya. Akampa msichana mkono.

— Binti, umeokoa heshima ya jeshi.

— Jeshi la mikate, — Redio akasema kutoka chini.

— Nakusamehe Stagbury yako. Tuambie jina lako, tukuandike kwenye historia ya kijiji.

— Bronwen Laity, — msichana akasema. — Mimi ndiye karani wa baraza.

Mkebe wa biskuti ulianguka. Biskuti moja ilibingirika mpaka katikati ya barabara, tukaisindikiza kwa macho wote wanne, kwa sababu hatukuwa na mahali pengine salama pa kutazama. Karani mwenyewe hakuwa mrefu. Alinifika begani.

— Nimeandika kila kitu, — akasema, akifungua daftari. — Mwananchi wa kwanza, handaki. Mwananchi wa pili, koti jekundu. Mwananchi wa tatu, zawadi ya harusi, theluji, na mwanamke katili. Niviingize kwenye kipengele gani?

— Mpenzi, — Redio akaanza, amepauka, — ile habari ya mwanasheria...

— Nilikuwa mkutubi. Maktaba ilifungwa. Na bembea nilizihesabu kwa sababu fomu inauliza ziko ngapi.

Midomo ilimchezacheza. Hapo ndipo nilipoona kwamba amekuwa akizuia kicheko tangu alipokaa. Kikamtoka, kikatutoka na sisi, ikawa tena kelele moja na mbwa wa daktari ndani yake. Meja ndiye aliyewahi kunyamaza.

— Lakini kipengele cha tisa kipo, — akasema.

— Kipo. Ulisoma mpaka mwisho, Bi Tolley?

— Nilisoma kilichoonekana. Chini yake mtu kabandika tangazo la shindano la jemu.

— Chini yake panasema: "kwa wiki tatu, likatengenezwe." — Akapiga goti nyuma ya benchi, akachukua kalamu yake, akaisukuma kwenye mguu wa nyuma, upande wa Meja. Kalamu ikaingia mpaka katikati, bila nguvu, kama kijiti kwenye keki. — Umeoza. Na huu wa kati pia. Fundi aliniambia hajui ni siku gani litaanguka, ila anajua nani watakuwa wamelikalia. Madiwani wote wamekubali kuliweka kwenye ajenda. Na nimewaombea viti vya ukumbini, viwe vinaletwa hapa kila asubuhi mpaka lirudi. Viti vinne.

— Vinne, — Meja akarudia.

— Niliuliza dukani mnakaa wangapi.

Meja akaitazama ile kalamu iliyokuwa imesimama kwenye mguu wa benchi. Akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo cha tarumbeta, akasema mvua hii italeta mafua.

— Kilichonileta ni kitu kimoja tu, — karani akasema, akiichomoa kalamu na kugeuza ukurasa mpya. — Nimalize fomu ya fundi. Kile kibati cha shaba kitang'olewa na kutengenezwa upya, na fundi anataka maneno ya kuchonga. Faili la mabenchi la mzee Osgood lililowa kwenye mafuriko, halisomeki. Nikaona watu wa kuwauliza ni nyinyi. Benchi hili ni la kumkumbuka nani?

Tukatazamana.

— Kibati kipi? — Karoti akauliza.

Akatuonyesha. Kilikuwa kwenye ubao wa juu wa kuegemea, kati ya mahali pa Meja na pa Redio, ukubwa wa karata. Tukazunguka nyuma, tukarudi mbele, tukainama wote wanne kwa mara ya kwanza tangu tulijue benchi lile. Shaba ilikuwa laini kama kijiko. Migongo yetu ilikuwa imelisugua jina lote, koti baada ya koti, asubuhi baada ya asubuhi. Redio akamwagia tone la kahawa, akasugua kwa mkono wa sweta. Mstari wa chini kabisa, ambao mgongo haufiki, ndio uliojitokeza: ALIPENDA KUKAA HAPA.

— Posta, — Redio akasema, — wewe ulipeleka barua kila nyumba.

— Benchi halipati barua. Nilipoanza kazi lilikuwepo.

— Karoti?

Karoti alifungua mdomo. Nilisubiri aseme ni mtu aliyezikwa chini, au fuko. Akaufunga.

— Meja?

Meja alitikisa kichwa. Karani alisubiri, kalamu juu ya karatasi, bila kutuharakisha. Mvua ilikuwa imekatika. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye kijiwe kile swali kuulizwa na watu wanne kukosa hata uongo mmoja wa kulijibia.

— Nitaacha nafasi wazi mpaka Alhamisi, — akasema mwishowe, akafunga daftari, akaaga.

Tukarudi kukaa. Meja hakukaa kwenye kona yake moja kwa moja. Alisimama kidogo, akajibana mwishoni kabisa mwa benchi, bega likiwa nje, mpaka kati yake na Redio pakabaki mahali pa mtu mmoja, na kibati kikaonekana. Redio akatikisa chupa, akasikiliza, akamimina kahawa yote iliyobaki, na ilipofika mwisho akaliangalia pengo lile.

— Sijui alikuwa anatia sukari? — akauliza.

Hakuna aliyejua.